Mbegu zangu za nyasi zilisombwa zote na maji. Safari hii niandaeje udongo kabla ya kupanda?

Mtoto wa Kwanza

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na nitaeleza kwa kirefu kidogo ili msipate shida ya kunirudishia maswali.

Nina uwanja mbele ya nyumba, mita 12 kwa 9. Nyumba ilikamilika mwaka jana na mama yangu amehamia kwetu. Anatembea kwa mkongojo. Jioni anapenda kukaa chini ya mti ulio kona ya kulia, lakini kutoka barazani hadi pale ni vumbi tupu, na mvua ikinyesha linakuwa tope linalonasa mkongojo mpaka nimshike mkono. Nilimwahidi kwamba atatembea juu ya nyasi.

Miezi minne iliyopita nilijaribu. Nilinunua kilo 2 za mbegu za ukoka. Asubuhi nililima kwa jembe, nikaokota mawe makubwa, mchana nikarusha mbegu zote kwa mkono, nikapitisha matawi juu yake, nikamwagilia kwa mpira. Usiku wa tatu ikanyesha mvua. Kulipokucha mbegu zilikuwa zimekusanyika kwenye kona ya chini kushoto, karibu na uzio, kama vumbi la mbao lililofagiliwa. Pale konani ziliota zikasongamana kama brashi, na baada ya wiki mbili zikaanza kulala na kuoza. Kwingine kote ikaota ndago. Nimeing'oa mara tatu, inarudi.

Mambo mengine ambayo huenda yakawasaidia kunishauri: kando ya baraza kuna ukanda wa kama mita 2 ambapo maji hutuama siku mbili nzima. Pale mafundi walipokuwa wakichanganyia zege pana rangi ya kijivu, hata ndago haioti. Chini ya mti kuna kivuli karibu siku nzima. Jirani mmoja kanishauri nimwage chokaa uwanja mzima ili kuondoa sumu ya udongo, mwingine kasema niagize lori la mchanga wa kulainisha. Sijafanya lolote kati ya hayo.

Nina wiki 8 kabla ya siku ninayotaka kupanda. Nianzie wapi? Na nilikosea wapi hasa?

Kijani Kibichi

Pole kaka. Mimi ningekushauri uachane na mbegu utumie vipando. Unachukua ukoka uliokomaa, unaukatakata vipande vyenye vifundo viwili vitatu, unavizika kwa mistari, majani yakiwa nje. Mvua ya usiku mmoja haivisombi kirahisi. Halafu ujue kwamba si kila nyasi nzuri unayoiona ina mbegu. Aina nyingi za ukoka wa viwanja vya mpira, kama Tifway iliyotolewa Marekani mwaka 1960, ni chotara tasa. Hizo huenezwa kwa vipande tu.

Kama bado unataka mbegu, basi hakikisha ni mbegu za mwaka huu na zimehifadhiwa mahali pakavu.

Mama Reki

Mwanangu Mtoto wa Kwanza, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimetunza viwanja vya shule na nyua za watu kwa miaka 19, na yaliyokupata yalinipata kwenye kazi yangu ya kwanza, karibu neno kwa neno. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, nami nikawa na haraka. Nililima Jumamosi, nikapanda Jumamosi hiyohiyo. Baada ya mvua mbili udongo ulididimia kila palipokuwa pamechimbwa mtaro wa mabomba, na nyasi zikaota kwenye matuta zikakosekana kwenye mabonde. Nilirudia kazi yote kwa gharama yangu.

Kwa hiyo nakuambia moja kwa moja: kosa lako halikuwa mbegu, wala mvua. Ulilima na kupanda siku moja. Udongo uliolimwa leo ni kama godoro lililotiwa pamba mpya, bado haujalala. Maji yanapita juu yake yakibeba kila kilicho chepesi, na mbegu ya ukoka ni nyepesi mno. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 3,000. Tena kwa kulima umeamsha ndago yote iliyokuwa imelala chini, kisha ukaipa maji. Wiki 8 ulizo nazo zinatosha, mradi angalau tatu kati ya hizo uziache udongo ukae bila kuguswa na jembe. Watu wengi hawana subira hiyo, na nyasi zao huonyesha.

Aliyokuambia ndugu Kijani Kibichi kuhusu vipando ni kweli, ila udongo unaandaliwa vilevile. Ukipanda vipando kwenye ukanda ule unaotuama maji, vitaoza kama mbegu zilivyooza.

Anza na kifusi. Usiokote mawe ya juu tu. Pitia uwanja wote kwa uma wa bustani, siyo jembe, ukichoma kila hatua kufikia sentimita 20. Utasikia mahali uma unapogonga: vipande vya tofali, nailoni ya mifuko ya saruji, misumari, waya. Toa vyote. Jiwe lililofichwa sentimita 5 chini ya nyasi utalijua wakati wa jua kali, maana juu yake patakauka na kuwa njano huku pembeni pakiwa kijani.

Pale palipochanganyiwa zege usipafukie. Chimba sentimita 20 hadi 30, tupa udongo wote wa kijivu, leta udongo kutoka upande mwingine wa kiwanja chako. Saruji hupandisha pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu (namba ikipanda, uchachu unapungua), na pH ikipanda sana mizizi haiwezi kuchukua madini ya chuma hata kama yamejaa ardhini, majani yanageuka njano. Kama huna uhakika mpaka wa eneo lililoharibika, chukua siki, dondoshea kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, pale bado pana mabaki ya saruji au chokaa.

Ndiyo maana nakusihi usimwage chokaa. Chokaa si dawa ya sumu. Kazi yake ni kupunguza uchachu wa udongo, na kwako huenda uchachu wenyewe haupo, kwa sababu mafundi wamekwisha kukumwagia saruji bila wewe kutaka. Nyasi nyingi za nyumbani hupenda pH kati ya 6.0 na 7.0. Pima kwanza. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za uwanja, kila mahali kina cha sentimita 10, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara ya udongo. Eneo la zege lipe sampuli yake peke yake, usilichanganye na mengine, litakuharibia majibu. Wakikwambia uweke chokaa watakupa na kiasi, nawe utaichanganya ndani ya udongo wakati wa kulima, maana ikiachwa juu hushuka polepole mno.

Na mchanga pia hapana. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwa mchanga. Udongo wa mfinyanzi ukichanganywa na mchanga kidogo haulainiki. Chembe ndogo za mfinyanzi zinajaza mianya kati ya punje za mchanga, ukikauka unakuwa kama tofali. Ili mchanga usaidie kweli inabidi uwe mwingi kuliko udongo wenyewe. Kinacholainisha mfinyanzi ni mboji.

Kabla sijaendelea, fanya majaribio mawili uniletee majibu:

La kwanza, chimba shimo la kina cha sentimita 30 karibu na baraza na jingine karibu na uzio. Jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Mara ya pili ndiyo upime yanashuka sentimita ngapi kwa saa moja.

La pili, weka udongo kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ujaze kama nusu, ongeza maji karibu na mdomo, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, weka mezani usiiguse. Mchanga hutulia ndani ya dakika moja au mbili, tabaka la kati baada ya saa mbili hivi, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka kwa rula.

Mtoto wa Kwanza

Shikamoo mama, na asante sana. Nimefanya yote.

Shimo la karibu na baraza: maji yameshuka sentimita 1 kwa saa. La karibu na uzio: sentimita 4. Nilipochimba la barazani, kufikia sentimita 12 nilikuta tabaka gumu mpaka nikatumia sururu. Nimekumbuka kwamba malori ya kokoto na tofali yalikuwa yanageuzia hapohapo.

Chupa: udongo wote ni sentimita 15. Mchanga 6, tabaka la kati 4, mfinyanzi 5. Juu yanaelea majani na vipande vya mizizi.

Siki imetoa povu eneo kubwa kuliko nilivyodhani, kama mita 3 kwa 2. Sampuli nimepeleka mbili kama ulivyosema.

Swali la nyongeza: kwenye uma nimetoa ndago nyingi zenye viazi vidogo vilivyoungana kama shanga. Je, nikikosa kimoja ndiyo itarudi?

Fundi Mteremko

Ndugu Mtoto wa Kwanza, mimi ni mtu wa ujenzi, nyasi nawaachia wenyewe, ila hilo la maji kutuama barazani si jambo la kuzibwa kwa udongo mpya. Watu wengi wanamwaga udongo pale penye bwawa, bwawa linahama mita moja. Uwanja wote lazima uinamie mbali na nyumba.

Shusha sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kwako ni mita 9 kutoka baraza hadi uzio, kwa hiyo upande wa uzio uwe chini kwa sentimita 9 hadi 18. Piga vigingi ukutani na kwenye uzio, funga kamba, pima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama tunavyofanya kwenye msingi. Funga kamba angalau nne, moja kila mita 3, kisha kata vilima ujaze mabonde. Fanya hivi kabla ya kuweka mboji. Ukisawazisha baadaye utakuta umeipeleka mboji yote sehemu moja.

Kingine, na hiki nakwambia kwa sababu ya mama yako. Ncha ya mkongojo huzama kwenye nyasi zilizolowa, hata ziwe nzuri namna gani. Mwekee njia ya vibamba vya zege kutoka baraza hadi kwenye mti, vilazwe sawa na udongo ili asijikwae. Pima hatua zake yeye, siyo zako.

Mama Reki

Marahaba mwanangu. Fundi Mteremko amesema la maana sana kuhusu mkongojo, lifuate.

Majibu yako ni mazuri kuliko nilivyohofia. Theluthi moja mfinyanzi, mchanga asilimia 40: huo ni udongo tifutifu wenye mfinyanzi, unafaa kabisa kwa ukoka. Ningefurahi maji yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi kwa saa. Kwa uzio umefaulu. Kwa baraza tatizo ni lile tabaka lililoshindiliwa na malori, na hilo huvunjwa mara moja tu, sasa, kabla nyasi hazijafunika. Ukanda wote wa mita 2 uvunje kwa sururu au uma hadi sentimita 25. Huhitaji kupindua, choma, inua, pasua, basi. Ukipindua utaleta udongo mbaya wa chini juu.

Usifanye kazi hiyo udongo ukiwa umelowa. Chukua konzi, kamata, kisha ubonyeze kwa kidole gumba. Ukivunjika vipande vipande, lima. Ukibonyea kama udongo wa chungu, rudi ndani ukapumzike siku mbili. Mfinyanzi uliolimwa ukiwa mbichi hushikana mabonge ambayo hayavunjiki msimu mzima.

Baada ya kamba za Fundi, weka mboji. Sentimita 3 juu ya uwanja wote. Eneo lako ni mita za mraba 108. Ukitoa duara chini ya mti, chukulia 100. Hiyo ni mita 3 za ujazo, yaani lita 3,000. Toroli langu huingia lita 60, kwa hiyo ni safari 50. Hesabu kabla hujaanza, maana nimeona watu wakinunua magunia kumi wakadhani wamemaliza. Mboji iwe imeiva: nyeusi, haina joto ukiingiza mkono, inanukia kama ardhi baada ya mvua. Samadi mbichi usiweke, inaunguza miche na huja na mbegu za magugu tumboni mwake. Changanya ndani ya sentimita 10 hadi 15 za juu. Mbolea ya kupandia utaweka kadiri maabara watakavyosema, usibahatishe.

Chini ya mti acha bila nyasi. Ukoka unataka jua la angalau saa sita, pale hautaishi, na ukichimba utakata mizizi ya mti ambao mama yako anaupenda. Tandaza majani makavu au maganda ya mbao, usiyarundike kwenye shina.

Sasa ndago. Ndiyo, kiazi kimoja kinatosha kuirudisha. Ukiikata kwa jembe unakata ile minyororo, na kila kiazi kilichokuwa kimelala kwa sababu ya mwenzake kinaamka. Ndiyo maana uliing'oa mara tatu ikazidi. Uma unaoinua udongo mzima ndio mzuri, kisha unachambua kwa vidole. Ni kazi ya magoti. Fanya mita mbili kwa siku.

Halafu ndiyo zinakuja wiki tatu za kungoja. Sawazisha kwa reki, mwagilia kana kwamba umepanda, na uangalie. Yatachipuka magugu ambayo hukuwahi kuyaona. Yaache yafikie majani mawili matatu, kisha pitisha jembe la kupalilia juujuu, sentimita 1 au 2, siku ya jua. Usichimbue, maana ukichimbua unaleta mbegu nyingine za magugu karibu na mwanga. Mwagilia tena, ngoja tena. Mara mbili, ikiwezekana tatu. Wakati huohuo udongo unadidimia, na mashimo ya mtaro wa mabomba yanajionyesha ukiwa bado una nafasi ya kuyajaza.

Jembe la Asubuhi

Mama Reki ameeleza vizuri, lakini kwa ndago iliyoenea namna hiyo mimi nisingetegemea magoti peke yake. Nilipambana nayo kwa mkono mwaka mzima. Iliponizidi nilitumia dawa ya kuua magugu yenye glaifosati, nikaipuliza ndago ikiwa changa yenye majani mazima, bila kuifyeka kwanza, kwa sababu dawa huingilia kwenye majani ikashuka chini. Nikakaa zaidi ya wiki bila kugusa udongo. Kiasi kikubwa kilikufa, kilichorudi nikakipuliza tena. Dawa hiyo huua kila nyasi, kwa hiyo nafasi yake ni sasa kabla hujapanda. Soma karatasi yake neno kwa neno, vaa glavu, viatu vya mpira na barakoa, usipulize penye upepo, na usiielekeze kwenye mti. Mama yako asitoke nje mpaka pakauke.

Mama Reki

Sipingi, Jembe la Asubuhi. Mimi binafsi sipulizi dawa mahali mzee anapokaa kila siku, ila ni uamuzi wa mwenye uwanja, na tahadhari ulizotoa ni zilezile ningezitoa. Kama ataitumia, aitumie ndani ya zile wiki za kungoja, siyo baada.

Mtoto wa Kwanza

Wakuu, nimerudi kuwaletea matokeo.

Maabara wamesema uwanja mkuu una pH 6.6, hauhitaji chokaa. Eneo la zege ni 8.3. Nilichimba sentimita 30 nikatoa toroli 34 za udongo wa kijivu. Nikifikiri kwamba nilikuwa nakaribia kumwaga chokaa juu ya hayo, nashukuru sana nilivyouliza.

Ndago niliichambua kwa mkono siku 13. Dawa sikutumia. Nilijaza ndoo mbili za viazi. Katika wiki za kungoja iliota tena sehemu tisa, nikachimba kila moja kwa uma mpaka nikapata kiazi chake. Magugu mengine yaliota mazulia mazima, hasa mara ya kwanza. Nilishangaa kuona ni mengi kiasi gani yangeshindana na mbegu zangu. Mara ya tatu yalitoka machache tu.

Mtaro wa bomba ulididimia sentimita 4 kama Mama Reki alivyosema. Nimejaza, nikamwagilia, ukadidimia 1 tena, nikajaza tena.

Hatua za mama nimezipima bila kumwambia ni za nini. Sentimita 38. Nimelaza vibamba 22 kwa umbali huo. Nimeuacha udongo wa pembeni ukiwa chini ya kibamba kwa kama sentimita 1, nadhani nyasi zitapanda.

Kesho kutwa ndiyo siku ya kupanda. Nikikanyaga sasa kisigino kinazama kama sentimita 2. Ni sawa?

Mama Reki

Bado ni laini kidogo. Kisigino kisizame zaidi ya sentimita 1. Chukua pipa, litie maji nusu, livingirishe juu ya uwanja mkavu mara moja huku na mara moja kule. Usilijaze, hatutaki kurudisha kazi ya malori. Kisha kwangua juu kwa reki nyepesi, mifereji ya kina cha kucha, ili mbegu ipate pa kukaa.

Kwa mita 100 za ukoka gramu 5 hadi 10 kwa kila mita ya mraba zinatosha, yaani nusu kilo hadi kilo moja. Kilo 2 za mwanzo zilikuwa nyingi mno, na mvua ilipozikusanya pale konani miche ilisongana ikaoza. Changanya na mchanga mkavu ndoo moja ili uone unakorusha. Hapo ndipo mchanga una kazi. Gawa mafungu mawili: fungu moja urushe ukitembea kutoka baraza kwenda uzio, la pili ukikata njia hiyo. Pitisha mgongo wa reki, mbegu zifunikwe milimita 3 hadi 6, zisizidi. Tandaza majani makavu yasiyo na mbegu, membamba kiasi kwamba bado unauona nusu ya udongo. Hayo ndiyo yatakayovunja nguvu za tone la mvua.

Maji kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kwa kichwa chenye matundu madogo. Udongo wa juu usikauke, na maji yasitiririke. Ukiona yanaanza kutembea, funga.

Kijani Kibichi

Na angalia sisimizi kaka, wanabeba mbegu. Ukiona mstari, ufuate mpaka kwenye tundu lao.

Mtoto wa Kwanza

Siku ya 9 zimeonekana. Siku ya 12 ilinyesha mvua kubwa kuliko ile ya mwanzo. Niliamka usiku nikatoka na tochi. Maji yalikuwa yanatembea taratibu kuelekea kwenye uzio, na majani makavu yalikuwa mahali pake. Asubuhi kona ya kushoto haikuwa na rundo la mbegu. Kando ya baraza maji yalikuwa yamekwisha kabla ya saa nne.

Leo ni siku ya 26. Kuna mapengo mawili ya ukubwa wa sahani karibu na kibamba cha kumi na saba, nimeyakwangua na kuongeza mbegu. Kwingine kijani kimeshikana, urefu ni kama sentimita 5. Mama anauliza kila jioni lini ataruhusiwa kutoka nje ya vibamba.

Nikate lini kwa mara ya kwanza?

Mama Reki

Zikifika sentimita 6 ukate hadi 4. Usiondoe zaidi ya theluthi kwa mara moja. Kisu kiwe kikali, udongo uwe mkavu, la sivyo mashine itang'oa miche na mizizi yake. Tangu sasa punguza mara za kumwagilia, lakini kila ukimwagilia maji yaende chini zaidi, mizizi iyafuate.

Mama mwambie asubiri mpaka umekata mara tatu. Siku hiyo mvue viatu.